Ajenti wa Usafi Anayemchimbia Shimo Mama Mkwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi. Jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya milima ya Rumonge, na ajenti wa usafi wa komini, halmashauri ya hapa, yuko ndani ya shimo. Kofia yake ya kazi ameitundika kwenye mchikichi. Anachimba, anatupa udongo, anachimba tena.

Wanawake wanaoshuka ufukweni kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, wanapunguza mwendo. Mmoja anamuuliza kama siku hizi leta, yaani serikali, inalipa watu kwa jembe. Nasoro Hadji, mwenye miaka thelathini na minne, anacheka naye bila kusimama. Hana muda wa soga. Keshokutwa, Jumamosi, ndiyo mwisho wa amri ya komini, na shimo hili ni la mama mkwe wake.

Amri yenyewe ni nyepesi kueleza. Kila anayekamua mawese au kutengeneza pombe ya ndizi kando ya kijito cha mtaa wa Waswahili achimbe shimo hatua ishirini kutoka ukingoni, alikande kwa udongo wa mfinyanzi, maji machafu yatulie humo siku tatu kabla ya kumwagwa migombani. Asiyechimba, mtambo wake unatiwa kufuli. Kufuli limo katika mfuko wa Nasoro, na ufunguo kaufunga shingoni kwa uzi.

Wenye mitambo wako kumi na wawili. Debe moja la mawese huacha madebe matatu ya maji mazito, mekundu, na miaka nenda miaka rudi maji hayo yalishuka na kijito hadi ziwani, palepale ndagala wanaposuuzwa. Juni mwaka huu wa 1969, wachuuzi wa Bujumbura walinusa magunia ya ndagala, wakakunja pua, wakaenda zao kununua kwenye ufuko wa Magara. Watoto wa mtaa nao waliharisha wiki mbili. Mmoja wao alikuwa Mariyamu, binti wa Nasoro, wa miaka minne.

"Nilimubeba mugongoni mupaka dispanseri," anasema. "Mutoto alikuwa nyepesi kama kifaranga. Siku ile nilisema, hii kazi nitaifanya hata watu wanichukie."

Maneno ya kiume hayo. Lakini mwezi uliopita, siku ya kugawa karatasi za amri, ushujaa ulimwishia mlangoni pa mtu mmoja tu.

Mama Chausiku ni mjane, amekamua mawese miaka kumi na saba, na mtambo wake ni mkubwa kuliko yote na mchafu kuliko yote. Ndiye pia aliyemzaa Kulthumu, mke wa Nasoro. Na hapa mama mkwe haangaliwi usoni, sembuse kuamrishwa! Akitokea njiani, mwanamume anapisha na kuisalimu ardhi. Habari zote hupitia kwa mke. Basi Nasoro alipofika pale akapiga kona. Karatasi kumi na moja ziligawiwa, ya kumi na mbili ikarudi nyumbani imekunjwa.

Mtaa una macho. Wiki tatu zikapita na hakuna aliyegusa jembe. Anastasie, anayetengeneza urwarwa, ile pombe ya ndizi, nyumba ya tatu kutoka hapo, ndiye aliyemtolea uvivu.

"Shimo yangu nitachimba siku wewe utachimba ya mama mukwe wako," alimwambia juzi, na wateja wake wakaangua kicheko.

Nasoro anakiri kwamba aliondoka pale akiungua kwa aibu. Katikati ya njia akasimama. Mama mkwe haamrishwi, sawa. Lakini mama mkwe hulimiwa! Mwanamume akifika na jembe begani kumsaidia mama wa mkewe, hakuna wa kumzuia, na mama mwenyewe hana ruhusa ya kukataa. Anastasie alitania, kumbe kampa dawa.

Shimo limefika kifuani wakati Mama Chausiku anapotoka ndani, Kulthumu nyuma yake. Mama anasimama mbali kidogo na kuutazama mchikichi. Nasoro anautazama udongo.

"Kulthumu," mama anasema kwa sauti ya kufika barabarani, "uliza bwana yako. Watu wote walipewa karatasi ya leta. Mimi kwa nini sikupewa? Mimi si mutu wa hii komini?"

Jembe linasimama.

"Mwezi muzima nilingoja. Nikasema, labda ananiona muzee, kazi yangu si kazi. Angenipa yangu, ningechimba siku ya kwanza."

Hapo Nasoro anaelewa kosa lake, na linamuuma. Alichokiita heshima, mama alikipokea kama dharau, na kijito kimekunywa uchafu mwezi mzima zaidi. Anapanda juu, anapangusa mikono kwenye suruali, anaitoa ile karatasi mfukoni. Anampa Kulthumu kwa mikono miwili, na Kulthumu anampa mama yake vilevile. Mama Chausiku hajui kusoma. Anaikunja upya, anaifunga kwenye pindo la kitenge, na uso wake unafunguka.

"Sasa mwambie, shimo iko fupi. Mimi nakamua sana."

Kufikia adhuhuri majembe yanasikika kwa majirani. Anastasie ndiye wa kwanza, na hajanuna. Anamletea Nasoro kibuyu cha maji. "Neno ni neno," anasema. "Murakoze, asante. Umenishinda."

Nasoro analipwa faranga elfu mbili kwa mwezi, na baiskeli ya kazi ni yake mwenyewe. Anataka mashimo yote kumi na mawili yawe yamekandwa na kukauka kabla ya mvua za Oktoba. Baadaye ataomba ruhusa aende Magara na Gitaza kuwaonyesha wenzake.

"Nikifika kule," anasema akicheka, "nitauliza kwanza mama mukwe wa ajenti anakaa wapi."

Kabla Nasoro hajaondoka, Mama Chausiku anamtuma Kulthumu alete lile kufuli la mfukoni mwake. Analitundika mwenyewe kwenye mti wa mtambo, likiwa wazi, mahali kila mpita njia ataliona.

"Ufunguo akae nayo," anasema, macho bado kwenye mchikichi. "Mvua ikija, shimo ikimwaga, afunge. Na asipitie kwako, Kulthumu. Aje kwa mulango wangu."