Risasi Ndani ya Ngurumo

Makarius Nduwayezu alikuwa fundi baiskeli anayejulikana Kasulu nzima, na kama angeridhika na baiskeli tu, hadithi hii isingekuwepo. Ukimpelekea gurudumu lililopinda, alikurudishia linazunguka bila kuyumba, na juu yake akakusimanga kwa namna unavyoendesha. Lakini moyo wake haukuwa kwenye baiskeli. Ulikuwa kwenye bastola kuukuu za vita, na wachache waliojua walinyamaza kwa sababu walihitaji baiskeli zao.

Alikuwa nazo nne. Moja ya Mjerumani, yenye mtutu mwembamba, iliibuliwa Kibondo na mkulima aliyekuwa akichimba shimo la choo; Makarius aliipata kwa kubadilishana na baiskeli nzima, tena yenye kengele. Mbili za Wabelgiji, za vita ileile ya kwanza ya dunia, moja imeliwa na kutu hata haifunguki. Ya nne ya Mwingereza, nzito, yenye tumbo la kuzunguka la risasi sita. Alizipaka mafuta ya cherehani, akazifunga kwenye vitenge vya mkewe Pelagia, akazilaza sandukuni chini ya magunia ya maharage. Kibali hakuwa nacho. Serikali ilipotangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari bila kuulizwa maswali, alisikiliza tangazo redioni mpaka mwisho, akabadilisha stesheni.

Usimcheke haraka. Mwaka 1972, akiwa na miaka sita upande wa pili wa mpaka, alimwona ofisa wa jeshi akimpiga baba yake risasi ya kichwa mlangoni pa jiko. Haikuwa bunduki kubwa. Ilikuwa kitu kidogo cha kushika kwa mkono mmoja, na yule ofisa alikirudisha kiunoni huku akiuliza kama kuna maji ya kunywa. Mama yake alimpa maji. Tangu siku ile mtoto alimkumbuka baba, lakini zaidi alikikumbuka kile chuma. Alipokua alitaka akishike, akifungue, ajue ndani kuna nini. Na siku alipokishika aligundua jambo la aibu, kwamba kilimpendeza.

Kukifyatua kulimpendeza zaidi. Sasa utafyatuaje bastola kijijini, njia ya Kabanga, nyumba zimepakana, polisi wasije? Makarius alipata dawa yake: alingoja mvua. Mvua za vilima hivi haziji kimya. Ngurumo hupasuka mpaka vyombo vinacheza kabatini. Basi alikuwa anashuka korongoni nyuma ya migomba, anasimama mbele ya sufuria mbovu aliyoitundika kwenye kisiki, anangoja umeme umulike, anahesabu, na ngurumo ikipasuka naye anapasua. Miaka kumi na moja hakuna aliyesikia kitu. Alijiona mjanja, na kwa kweli ujanja alikuwa nao; alichokosa ni akili.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa mchana, mawingu yalishuka mpaka juu ya mapaa. Pelagia alikuwa Kibondo kwa binti yao aliyejifungua. Makarius alichukua ile ya Mwingereza, akashuka korongoni. Risasi ya kwanza ilirusha sufuria. Akaitundika tena, akapiga ya pili, ikakosa. Akangoja umeme mwingine. Kidole kilikuwa kimeshavuta ndipo alipoona mtu akiinuka nyuma ya kisiki, mzigo wa kuni kichwani. Kuni zikamwagika. Mtu yule akakaa chini taratibu kwenye matope.

Alikuwa Reverien, jirani wa nyumba ya tatu, baba wa watoto watano, aliyejibanza chini ya ukingo kukwepa mvua. Risasi ilikuwa imeingia chini ya titi la kushoto. Alimtazama Makarius, akataka kusema, na badala ya neno ikaja damu. Alipiga mateke tope mara mbili, tatu, akajigeuza kifudifudi, akatulia. Mvua iliosha damu haraka kuliko ilivyotoka. Makarius alisimama akimwita kwa jina, halafu akaokota sufuria yake akakimbia. Ndiyo, aliokota sufuria.

Saa kumi na moja wanawake waliokwenda kuchota maji wakamkuta. Mtu amelala kifudifudi korongoni na mvua ya radi imepita sasa hivi: nani angewaza risasi? Na kijijini pale mtu aliyepigwa na radi haguswi. Hageuzwi, hafumbwi macho, mpaka aje mtaalamu wa kumwosha, na mtaalamu alikuwa kijiji cha Muyama, angefika kesho yake. Walimfunika majani ya migomba kwa kuyarusha wakiwa mbali. Hakuna aliyeona tundu.

Likabaki swali la radi ni ya nani, maana watu wale hawakubali kwamba radi hujiendea yenyewe. Wiki iliyotangulia mbuzi wa Reverien walikuwa wamemaliza maharage ya mjane mmoja, Ndayikunda, na yule mama alimwambia mbele za watu, "Mungu atakuonesha." Kila mmoja wao amewahi kumwambia jirani yake hivyo. Lakini kabla jua halijazama neno lile lilikuwa limezunguka kijiji kizima, na Makarius alilisikia akiwa uani kwake, likipita barabarani midomoni mwa vijana.

Ndayikunda hakuwa mtu baki. Ndiye aliyembeba Makarius mgongoni mwaka ule wa 1972, siku tatu, mpaka wakavuka mpaka, kwa sababu miguu ya mama yake mzazi ilikuwa imevimba. Mama yake alipofariki, alibaki kumwita Ndayikunda mama. Makarius aliyaona mambo yote mawili wazi kabisa. Akisema, ni jela, pengine kitanzi. Asiposema, watamuua mama yule. Akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kusingizia. Saa mbili makelele yalianza upande wa bondeni. "Umulozi! Mchawi!" Makarius alisikia bati linagongwa, mbuzi wanalia, kisha akaona moshi. Hapo miguu ikamwinua. Alichomoa bastola ya Mwingereza, risasi tatu tumboni mwake, akakimbia nayo mkononi wazi kama mtu aliyeshika nyundo.

Nyumba ya Ndayikunda ilikuwa inawaka. Mwenyewe walikuwa wamemburuta kwa nguo mpaka katikati ya uwanja, mzee wa miaka sabini na kitu, na waliokuwa wanampiga ni watu aliowazalisha mama zao. Fimbo ilikuwa imempata jichoni. Upande mzima wa uso ulikuwa nyama na damu. Kijana mmoja alikuwa na dumu la petroli. Mdogo wake Reverien, Sylvesta, alisimama juu yake na panga.

"Sema! Inkuba ulimtumia kaka yangu na nani? Nani alikusaidia kutuma radi?"

"Mwana wanje, mwanangu, mimi sijui kutuma radi," Ndayikunda alisema, meno yakimtoka na maneno. "Ningejua ningewatumia waliomuua mume wangu."

Wakamwongeza fimbo kwa jibu hilo. Kifuniko cha dumu kikafunguliwa.

Makarius alinyoosha mkono juu akapiga. Mlio ulipasuka ndani ya jua kali, bila umeme, bila mvua, ukarudi kutoka kilimani. Watu walilala chini. Kijana akaangusha dumu.

"Hiyo ndiyo radi yenu!" Makarius alipiga kelele. "Ni mimi. Jana nilikuwa nalenga sufuria, Reverien akainuka. Nendeni mkamgeuze. Chini ya titi la kushoto kuna tundu. Mama huyu mwacheni!"

Hakuna aliyetaka kumgusa maiti wa radi. Mwishowe wawili walikwenda, wakakaa muda ambao kwa Makarius haukuwa na mwisho, wakarudi. Mmoja alikuwa ametapikia shati.

"Lipo tundu," alisema.

Sylvesta akageuka. Alikuja polepole, panga limeinama, na Makarius akaiinua bastola. Zilibaki risasi mbili, na paji la uso la Sylvesta lilikuwa wazi mbele yake, karibu kuliko sufuria yoyote. Alitaka kupiga. Lazima lisemwe: alitaka, na mwili wote ulitamani apige, na alimwelewa yule ofisa aliyeomba maji. Uelewa ule ndio uliomtisha. Akaachia vidole, bastola ikaanguka kwenye vumbi.

Panga la kwanza lilimkata mkono wa kulia kwenye kifundo. La pili lilimpata begani. Baada ya hapo yalikuwa mawe na mateke, na mikono ileile iliyokuwa inampiga mchawi ilimpiga muuaji kwa ari ileile, bila hata kupumzika katikati. Gari la polisi kutoka Kasulu lilimkuta anapumua. Kiganja chake hakikupatikana, inasemekana mbwa.

Alizinduka wodini, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene, wa kushoto umefungwa pingu kitandani. Siku ya nne Ndayikunda alikuja kutoka wodi ya wanawake, kichwa kizima kimezungushiwa kitambaa. Jicho la kushoto madaktari walikuwa wamelitoa. Alipapasa kiti, akakaa, na Makarius akaanza kulia kabla hajasalimiwa.

"Acha kulia kwanza," alisema mama. "Reverien ulimpiga lini?"

"Jumanne, mama. Saa tisa."

"Mimi walinitoa ndani Jumatano asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umesikia wanalitaja jina langu?"

"Nilisikia jioni ileile."

Askari mlangoni aliacha kuchezea simu.

"Sasa usiku ule wote ulikuwa unafanya nini?"

Makarius angeweza kusema aliomba, au alilia, au alitetemeka mpaka asubuhi. Mtu aliyepoteza mkono angeaminiwa.

"Niliisafisha bastola," alisema. "Nikala. Nikalala."

"Usingizi ulikuja?"

"Ulikuja, mama."

Ndayikunda alimwangalia kwa jicho moja lililobaki. Kisha akainuka, akashika ukuta kwa sababu hajazoea kutembea na nusu ya macho.

"Nashukuru ulikuja kunitoa," alisema. "Lakini jina hilo la mama usiniite tena."

Akatoka akipapasa ukuta.