Mzee Gozbert Anavyokopi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na neno kopi nimelifundisha kwa miaka kumi na minane katika shule moja ya binafsi kule Kiwalani. Nawaambia watoto: kopini kilichoko ubaoni kama kilivyo, pamoja na nukta zake. Nikikosea, kopini na kosa langu, tutalisahihisha wote. Wakitoka nje wanakuta mtaa una matumizi yake. Jezi ya kopi ni jezi feki. Aliyekopi kwenye mtihani ni mwizi. Mtoto akifanana na baba yake, majirani wanasema huyu ni kopiraiti. Hayo yote nayavumilia, maana neno likishaingia mtaani halina mwenyewe. Nisiyeweza kumvumilia ni Mzee Gozbert wa Tabata, ambaye kwake kopi ni kitu kinachotakiwa kuwa bora kuliko orijino.

Mzee Gozbert ana steshenari jirani na nyumba ninayopanga. Ana mashine moja ya kutolea kopi, kompyuta moja, na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KOPI SAFI. Ni Mhaya wa Muleba, ana miaka sitini na sita, na anavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hata kwenye joto la Januari. Ujanani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali huko kwao. Siku hizo kutoa nakala ya barua kulikuwa na maana ya kuichapa upya yote, na bosi wake alikuwa mwandishi mbovu. Basi Gozbert alipokuwa anachapa nakala, alikuwa anamsahihishia. Herufi iliyorukwa anairudisha, sentensi iliyopinda anainyoosha. Bosi akisifiwa mkoani, Gozbert anasifiwa ofisini. Alipopunguzwa kazini akaja Dar es Salaam na tabia hiyo nzima nzima.

Ukimpelekea karatasi yenye doa la chai, analishughulikia kwanza ndipo afunike mashine. Kona iliyokunjika anailaza kwa ukucha. Mtu akija na barua ya mtendaji yenye muhuri uliofifia, anauongezea wino. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Yeye anatenda wema kabla hujamwomba, halafu anabaki hapo hapo akisubiri umsifu. Na Tabata tunamsifu. Hata mimi nilimsifu, nisiseme uongo.

Mwezi wa kumi mwaka huu niliitwa kwenye usaili wa ualimu serikalini. Nilikuwa nimeomba mara sita, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuitwa. Tangazo lilisema mwombaji asiwe na zaidi ya miaka arobaini na mitano. Mimi ninayo hiyo arobaini na mitano, na mwezi wa kumi na mbili natimiza arobaini na sita. Kwa hiyo ilikuwa sasa au basi tena. Nilifunga siku mbili, nikamwambia mama yangu kule Masasi aniombee.

Walitaka vyeti vyote, orijino na kopi, na kila kopi iwe imegongwa muhuri wa wakili kuthibitisha kwamba inafanana na orijino. Nilivipeleka kwa Mzee Gozbert asubuhi, umeme ulikuwa umekatika. Akasema niviache tu, umeme ukirudi atatoa kopi na kumpelekea Wakili Mbwana wa mlango wa pili. Jioni nilikuta kila kitu tayari ndani ya bahasha. Wakili Mbwana alikuwa amegonga muhuri rundo zima bila kugeuza karatasi, kwa sababu kazi ya Gozbert anaijua. Nami nikaipokea bahasha bila kuifungua, kwa sababu ile ile. Najilaumu kwa hilo mpaka leo.

Kwenye usaili, afisa wa kukagua vyeti alikuwa dada mmoja mpole anaitwa Tunu. Alikagua cheti cha chuo, akatikisa kichwa kukubali. Cha kidato cha nne, vivyo hivyo. Kufika cha kuzaliwa akakiinua juu kuelekea dirishani.

"Mwalimu, umezaliwa mwaka gani?"

"Sabini na tisa."

"Hii tisa ya mwisho imeandikwa kwa kalamu nyingine. Angalia mwenyewe. Chini yake kuna kitu kimefifia. Inaweza kuwa tisa, inaweza kuwa nne."

Nilitazama. Cheti changu kiliandikwa kwa mkono, wino wake ukawa kama maji ya majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Katikati ya mpauko huo ilisimama tisa moja nyeusi, nono, yenye mkia wa madaha. Nilimwambia kitambulisho changu cha taifa nacho kinasema sabini na tisa. Akajibu kwa upole kwamba kitambulisho kilitokana na cheti, na cheti ndicho mama. Kama ni sabini na nne, nimepitisha umri siku nyingi. Alinipa mpaka kesho yake saa sita mchana nilete maelezo.

Nilikwenda moja kwa moja steshenari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu wangu. Vipi, umepita?"

"Nani ameandika kwenye cheti changu cha kuzaliwa?"

"Si ni mie," alisema, akavua miwani ili afurahi vizuri. "Ile tisa ilikuwa imekufa kabisa. Mashine inatoa doa tu. Nikaifufua. Umeona ilivyokaa?"

"Kwenye orijino, Mzee?"

"Sasa mwalimu, kopi ingetoka wapi, na orijino yenyewe haisomeki?"

Nilitaka kumpiga. Mtu mzima mimi, mwalimu, nilitaka kumzaba kofi mzee wa watu mbele ya wateja wake. Nilimweleza, sauti ikiwa imepanda mpaka Wakili Mbwana akatoka kuchungulia, kwamba kopi ni kuchukua kitu kama kilivyo, na ubovu wake ndani. Kama hakisomeki, kopi nayo isisomeke. Mzee alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema kwamba katika ofisi yao mtu anayetoa nakala ya namna hiyo alikuwa anaitwa mvivu. Nikakaa kwenye benchi la wateja nikalia.

Kulia kule kulimwingia. Kesho yake saa mbili alikuwa mlangoni kwangu amevaa suti.

"Nitakwenda kusema mwenyewe," alisema. "Kosa si lako."

Tunu alimwamkia shikamoo na kumpa kiti. Mzee Gozbert akasema ukweli wote bila kupunguza: kalamu aliyotumia, saa aliyoandika, na kwamba mimi sikuwepo wala sikujua. Alisema vizuri kiasi kwamba nilianza kupata matumaini.

"Asante, baba, kwa kusema kweli," Tunu alimjibu. "Jana nilikuwa nashuku tu. Leo nimepata shahidi kwamba cheti kimeguswa, na cheti kilichoguswa siwezi kukipokea, hata aliyekigusa awe na nia njema." Akanigeukia mimi. "Nenda ofisi ya vizazi na vifo wakutolee kingine kutoka kwenye kitabu chao. Uje awamu ijayo."

"Awamu ijayo ni lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Tulitoka nje. Mzee Gozbert alitembea hadi getini, kisha akasimama.

"Mwalimu, nikuulize. Hiyo tisa ni ya kweli, au nilikosea?"

"Ni ya kweli."

"Basi mie sijaelewa bado."

Nilimwambia atangulie dukani, wateja wanamsubiri. Cheti kipya nilikiomba siku hiyo hiyo, na wamesema kitatoka kabla ya Krismasi. Kitakuwa kimechapwa kwa kompyuta, hakina doa, na tarakimu zote nne za mwaka zinasomeka. Atakayekikagua mwakani hatahitaji kukiinua dirishani. Atasoma mara moja, na ataona kwamba nimepitisha umri.