Nyumba Ambayo Mwalimu Theonest Hakuiandikia Barua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Theonest Kabadi yuko peku ndani ya shimo la udongo, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, njia ya kwenda Tinde. Suruali ameikunja hadi magotini. Anakanyaga udongo uchanganyike na nyasi, anauchota kwa mikono miwili na kuukandika kwenye ukuta unaomfikia kifuani.

Wanawake wanaokwenda kuchota maji wanamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu." Anawaitikia bila kuinua kichwa. Saa moja atanawa kwenye ndoo, atavaa shati jeupe alilolitundika mtini, kisha atatembea maili mbili hadi darasani.

"Wanafunzi wakiona udongo kwenye kucha zangu wanacheka," anasema. "Siwakatazi."

Mwalimu Theonest ana miaka thelathini na mitatu. Ni mtu wa Nkome, Geita, na alifundisha huko kando ya ziwa kwa miaka minane. Desemba mwaka jana, 1954, alipata barua ya kuhamia shule ya kati hapa Shinyanga. Mshahara ungepanda kutoka shilingi 95 hadi 150 kwa mwezi. Barua ilisema pia kwamba nyumba ipo.

"Hapo penye nyumba nilisoma mara mbili, kisha nikampa mama watoto asome mwenyewe," anakumbuka.

Wakauza mbuzi, wakapanda lori, wakavuka hadi Mwanza na kuchukua treni wakiwa na watoto watatu. Mdogo kabisa, Serafina, alikuwa na miaka mitatu. Walifika Januari, mvua ikinyesha.

Mwalimu mkuu aliwapeleka kwenye nyumba hiyo, yenye vyumba viwili na bati, nyuma ya shule. Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyejifunga kaniki. Jina lake Scolastika, mjane wa mwalimu aliyefariki Oktoba, naye alikuwa na watoto watano.

"Karibuni, mmetoka mbali," aliwaambia. "Najua nyumba ni yenu. Niambieni tu siku."

Walipotoka nje, mwalimu mkuu alimweleza Theonest utaratibu. Aandike barua kwamba hana pa kulala, na mjane angepewa siku saba za kuondoka. Bila barua hiyo, hakuna ambaye angemgusa.

Theonest aliiandika jioni ile ile. Asubuhi akaenda nayo mfukoni, akaingia darasani na kuita majina. La nne lilikuwa la Apolonia, binti mkubwa wa Scolastika, aliyekaa dawati la mbele.

"Aliitika, akanitazama. Alijua mimi ni nani," anasema mwalimu. "Nikajiambia, mama yake amelima mahindi nyuma ya nyumba. Avune kwanza, Mei, ndipo arudi kwao Kahama. Nikaichana ile barua."

Familia ikapanga chumba kimoja karibu na soko kwa shilingi 30. Mwezi wa pili mwenye nyumba alipandisha hadi 45. Vijana wanaokuja kutafuta kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui hulala wanne katika chumba kama hicho na kulipa bila kubisha. Mwalimu naye hakubisha, maana alikwishazunguka mji mzima bila kupata kingine.

Ukuta wa upande wa kichwani ulikuwa unatoa maji. Waligeuza kitanda, wakatandika magunia. Katikati ya Februari Serafina akaanza kukohoa. Walimpeleka hospitali akiwa hawezi kunywa hata uji. Siku ya nne akafariki.

Nilimkuta Paskazia, mke wa mwalimu, katika chumba hicho hicho, akipepeta mchele mlangoni. Alinikaribisha kigoda, akaendelea kupepeta.

"Mume wangu ni mtu mwema, kila mtu ananiambia," alisema. "Wema ule alioutoa haukuwa wake peke yake. Ulikuwa na wa Serafina ndani yake, na hakuna aliyemuuliza Serafina."

Je, yeye angeiandika ile barua?

"Ningeiandika, na ningeipeleka mwenyewe kwa miguu."

Scolastika alikuja msibani. Alikaa mkekani karibu na Paskazia siku mbili. Wiki iliyofuata alifunga mizigo na kuondoka na wanawe, mahindi yakiwa bado mabichi. Apolonia aliacha shule.

Nyumba ikakaa tupu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alihamia karani kutoka Tabora. Theonest alipokwenda kuuliza, aliambiwa faili limetazamwa, na hakuna mahali alipoandika kuomba nyumba.

"Ni kweli," anasema. "Niliyoiandika niliichana."

Watoto wawili waliobaki wamerudishwa Nkome kwa bibi yao. Kiwanja cha njia ya Tinde amepewa na mwanangwa wa eneo hilo, Mzee Mihayo, ambaye husimamia ugawaji wa ardhi.

"Alikuja akasema, shikamoo baba, nahitaji mahali," anaeleza Mzee Mihayo. "Nikamwambia, wewe ni Mzinza, hapa tunajenga kwa ng'ombe na ndugu. Akasema hana ng'ombe, ndugu wako mbali, lakini mikono anayo. Nikampa."

Nilimuuliza Theonest kama leo angeichana tena ile barua. Alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nisingeichana," alisema. Baadaye, akifunga vifungo vya shati, akaongeza, "Halafu sijui ningeitaje lile jina la nne kila asubuhi."

Anatarajia kuta zikamilike mwezi huu na nyasi za kuezekea zipatikane Juni, mvua zikiisha. Likizo ya katikati ya mwaka atakwenda Nkome kuwachukua watoto.

Paskazia hajawahi kukanyaga kiwanjani. Lakini wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu Februari, alimuuliza mumewe habari za ujenzi. Mwalimu akamjibu kwamba nyasi alizoahidiwa zinatosha chumba kimoja tu.

"Nimemwambia aezeke cha watoto," Paskazia alisema, akimimina mchele chunguni. "Sisi wawili tutalala kwenye kile cha wazi mpaka nyingine zipatikane."