Mstari Nyuma ya Kiti cha Baba

Kila uchaguzi ukikaribia, lazima atokee mtu pale sokoni Kilosa aanzishe: aliyewahi kufungwa agombee au asigombee? Wanabishana mpaka chai inapoa. Mimi huwa nalipa, naondoka. Siwezi kukaa nikiwasikiliza watu wakilichezea jambo lililommaliza mama yangu.

Tulikuwa tunakaa Mabwerebwere. Baba alikuwa dereva wa lori la shirika moja la umma, safari zake nyingi za Mikumi, na huko alikuwa na mtu wake wa kumuuzia nyama ya nyati iliyokaushwa, ya ujangili. Anaificha chini ya magunia ya mkaa, anakuja nayo nyumbani, majirani wananunua kimyakimya. Mama alimkanya mpaka akachoka. Asubuhi moja askari walipoingia na kuikuta jikoni, mama aliwahi kusema kabla hata hawajauliza, "Ya kwangu hiyo. Nimeinunua kwa mpita njia." Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akajikausha kama hayumo.

Mtu akisikia leo atasema mama alikuwa mjinga. Wala. Aliwaza kama mke yeyote wa mtumishi angewaza wakati ule: dereva akifungwa, kazi imekwenda, na watoto wanaacha shule. Mke akifungwa, mshahara unabaki. Hakimu akampa kifungo, akaenda akakitumikia. Aliporudi, amekonda, vijana wa mtaani walikuwa wanampita bila shikamoo. Kwetu, kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kumwambia kwamba hayupo.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Shirika likauzwa, malori yakauzwa, baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Kazi iliyompeleka mama jela ikaisha hivihivi, kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Baba akawa mtu wa kukaa barazani na redio yake.

Mama ndiye aliyetulisha, kwa shamba alilolima na wanawake wenzake kwenye ardhi ya mkonge iliyoachwa. Mara tukasikia mwenyekiti wa kitongoji anaikata vipande, anawauzia wageni. Wanawake wakamjia mama. "Dada, wewe umeshaona makubwa kuliko huyu. Gombea wewe." Akakataa, wakamng'ang'ania, akakubali. Sijapata kumwona mama amechangamka vile. Shikamoo zikarudi, tena za kuinamisha kichwa.

Siku ya mkutano wa uchaguzi, mwenyekiti aliyekuwa anatetea kiti chake akasimama, akasema huyu mama ni mfungwa. Msimamizi akasoma masharti: aliyetiwa hatiani miaka ya karibuni hawezi kugombea. Nikisema kweli, masharti yenyewe si mabaya. Mama mwenyewe aliwahi kuyasifu. Alisema mwizi ukimpa muhuri umemrahisishia kazi. Lakini masharti yalimjua aliyefungwa, hayakumjua aliyetenda. Aliyejua alikuwa amekaa pale kwenye benchi, mguu juu ya mguu. Nilimkazia macho baba, nikimwomba kimoyomoyo aseme neno moja tu. Akainuka. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga.

"Mke wangu amekosa sifa," alisema. "Mimi sijawahi kushtakiwa popote. Ndugu wananchi mkiridhia, nitasimama badala yake."

Msimamizi hakuona kizuizi. Wanawake wote wakamgeukia mama. Siku zile tulipiga kura kwa kupanga mstari: wagombea wanakaa kwenye viti, wamewapa watu mgongo, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Kiti kimoja amekaa anayeuza mashamba yao, kingine amekaa baba. Mama alikaza kanga kiunoni, akaenda akasimama wa kwanza nyuma ya baba. Wenzake wakamfuata, mstari ukaenda mpaka barabarani. Nilimchukia baba siku ile, na sijui kama nimeacha. Alishinda kwa kura za wanawake waliomwamini mama.

Masika hayajaisha, vigingi vikapigwa katikati ya mahindi ya mama. Wageni walewale. Aliyekuwa akiwatembeza kuwaonyesha mipaka alikuwa baba, amevaa koti, anaitwa mheshimiwa.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne na nilijiona najua haki. Nilimfuata mama uani alikokuwa anapepeta mchele, nikamwambia twende mkutanoni, useme yote mbele ya watu, ile nyama ilikuwa ya nani na nani alikaa kimya. Nilisema kwa hasira hadi sauti ikanikauka. Yeye hakuacha kupepeta.

"Mwanangu," alisema, "mfungwa ataongea nini mbele ya mwenyekiti?"