Ndala Kumi na Mbili, Zote za Kushoto

Tusidanganyane: Gundi anajua kushona viatu, kuuza hajui. Jina lenyewe kapewa na mtaa, maana harufu yake inabisha hodi kabla yake. Kibanda chake kiko nyuma ya mashine ya kusaga. Mteja akikiona, ujue kapotea njia.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ana duka la saruji. Jumapili akamkatia shauri. "Shemeji, nakupa mpaka Ijumaa. Oda isipoingia, unakuja kubeba mifuko kwangu. Viatu haviliki."

Gundi anashona tangu ndevu hazijaota. Kuacha sindano abebe saruji? Bora angeambiwa aanze kutambaa.

Mkewe akamtupia simu. "Piga picha, weka mtandaoni. Watu wanauza mpaka kokoto humo, sembuse wewe mwenye ngozi!"

Sasa, Gundi ana mtindo wake. Jumatatu mpaka Jumatano anashona vya kushoto tu, vya kulia baadaye. Mkono ukizoea upande mmoja, anasema, haukosei. Na picha akaipiga Jumatano: ndala kumi na mbili, zinang'aa, zote za kushoto. Akaandika: "Viatu imara, karibuni."

Weee! Watu wa mtandaoni huruma waliipata wapi?

"Fundi, mguu wa kulia uko likizo?"

"Cha kulia tutapewa mbinguni?"

Shemeji naye akaisambaza kwa ukoo mzima. Gundi akataka kuifuta. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, badala ya kufuta akaituma mara ya pili.

Alhamisi asubuhi ikaingia sauti ya mama mmoja, mbio mbio: "Fundi, usifute! Mimi mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanaotembelea magongo. Tuko kumi na nane, miji mitatu, kila mtu mguu mmoja. Miaka yote tunanunua pea nzima, kimoja tunavaa, kingine panya wanazalia humo. Nani alikwambia shida yetu?"

Gundi akampigia. "Hakuna aliyeniambia, mama. Nilikuwa sijamaliza kazi."

Mama akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi usimalize! Kumi na mmoja tunataka vya kushoto, saba vya kulia. Vipimo je?"

"Kila mtu apige picha mguu wake, kando aweke kiberiti. Kiberiti nakijua urefu."

Miguu ikaanza kumiminika. Mpana, mwembamba, wenye kidole gumba kinachotazama pembeni kama kimenuna. Gundi anapima, anacheka, anarukaruka kibandani, mkewe anamwita mwehu, naye anarukaruka vilevile.

Ijumaa shemeji akatokea, kofia ya duka kichwani. "Haya, twende. Mifuko inakusubiri."

"Na mimi nina miguu kumi na nane inanisubiri, shemeji."

"Ya nani?"

Mkewe akamkabidhi simu. Shemeji akapekua picha moja moja, midomo wazi. Akasikiliza sauti ya mwenyekiti, akairudia. Akatazama tena.

"Huyu mguu wake kama mkate," akasema, kicheko kikamtoka asipende. Akavua kofia, akavuta kigoda. "Haya, fundi. Huo uzi nishike wapi?"