Shefu wa Studio na Kinanda Bubu

Siku yangu ya kwanza redioni, hapa Kindu, nilifika kabla ya jua, nimevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya siku zile, ya kuazima, iliyonibana kwapani. Nilidhani nitaonyeshwa mashine. Badala yake nilimkuta mwanaume mnene ameketi mbele ya piano kuukuu iliyoachwa na Wabelgiji, taa nyekundu inawaka juu ya mlango, anapiga. Alinikazia macho tu, nikajua ninyamaze. Alipomaliza, mtangazaji akasema, “Hapa ni Kindu,” na siku ya mji mzima ikaanza.

Mtu yule ndiye Shefu wa Studio, mkuu wetu. Wimbo ule tuliuita indikatifu, yaani wimbo wa kufungulia matangazo. Aliutunga mwenyewe na aliupiga mwenyewe kila asubuhi. Nyinyi vijana mtauliza kwa nini hatukuurekodi. Bandi, ile mikanda ya kunasia sauti, zilikuwa adimu. Zenye hotuba za Chama hazikuguswa, nani athubutu! Zilizobaki tulizifuta na kuzirudia mpaka zikaanza kukwaruza. Nilipomwambia Shefu tuuweke wimbo wake kwenye bandi, alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

“Miye iko hapa kila siku,” alisema. “Munataka kunirekodi, kwani nimekufa?”

Alinifunza kazi yote. Kusafisha kichwa cha mashine kwa spiriti ya hospitali, kukata bandi kwa wembe na kuiunga bila msikilizaji kujua. Na alikuwa mkali, mama yangu! Ukiacha waya sakafuni, alikupigia kelele mbele ya wageni: “Weye Ramazani, unatega panya ao unafanya kazi?” Nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Baadaye nilitumwa Kibombo kutengeneza vipaza sauti vya uwanja wa mikutano, kisha Punia, kwenye kituo kidogo cha kupokeza mawimbi msituni. Barabara ya kule, acha tu. Kilichonituliza Punia ni kufungua redio alfajiri na kusikia piano ya Shefu. Ilikuwa kama mtu ananijulia hali. Basi asubuhi moja nikafungua, nikasikia tarumbeta za Kinshasa kutoka kwenye bandi. Kesho yake tena. Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari: Shefu amepooza upande wa kuume.

Maniema yetu ilipofanywa mkoa peke yake, niliitwa kurudi Kindu. Nilimkuta Shefu bado anakuja kazini, anaburuta mguu, mkono wa kuume ameutia mfukoni ili watu wasiuone. Piano ilikuwa imefunikwa kitambaa. Wimbo wake haukuwa popote isipokuwa kichwani mwake.

Ndipo ndege ikatuletea vifaa vipya: kinanda cheusi chepesi, kisanduku cha sauti, na ordinateri, ambayo nyinyi mnaiita kompyuta. Direkta wa Redio, mtu wa maneno machache, alitukusanya.

“Gavana anakuja kufungua studio Jumamosi,” alisema. “Nataka indikatifu ya hapa. Ikikosekana, tunabaki na ile ya Kinshasa, na sitaki kusikia tena habari hiyo.”

Shefu akainua mkono wa kushoto. “Tuweke yangu, Citoyen Direkta,” alisema; enzi zile kila mkubwa aliitwa citoyen, yaani raia.

“Na nani atapiga?”

“Miye.”

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Direkta alitazama ule mfuko wa abakosti, akasema taratibu, “Haya, Shefu. Mpaka Ijumaa.”

Tukaanza vibaya. Niliunganisha kila kitu, nikawasha, Shefu akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya kabisa. Watu wote wakaja kushangaa kinanda bubu, mmoja akasema Kinshasa wametuuzia ubao.

Kumbe hatukujua mambo ya midi. Kinanda kile hakina sauti yake hata kidogo. Midi ni lugha ya mashine kwa mashine: kinanda kinasema tu, noti hii imebonyezwa, kwa nguvu hii, sasa imeachwa. Ordinateri inapokea amri hizo, inazitunza, inazipeleka kwenye kisanduku, na kisanduku ndicho kinachotoa sauti. Mimi, kwa kupenda mambo yaliyopangika, nilikuwa nimeunga tundu la kutoka na tundu la kutoka, la kuingia na la kuingia. Shefu alichungulia nyuma ya meza.

“Umeunga mudomo na mudomo,” alisema. “Watasikilizana wapi? Mudomo uende kwa sikio!”

Nikabadilisha: kutoka kwenye kinanda kuingia kwenye ordinateri, kutoka kwenye ordinateri kuingia kwenye kisanduku. Nikapanga kisanduku kisikilize kwenye kanali, yaani njia, ileile ambayo kinanda kinasemea. Shefu akabonyeza noti moja. Ikalia piano, safi, kuliko ile ya Wabelgiji ambayo mchwa walikuwa wameionja. Tulipiga kelele kama watoto.

Shida ya pili ilikuwa mkono. Wimbo ule unakimbia, na alikuwa na mkono mmoja, tena wa kushoto, usiozoea mbio. Akapiga kwanza sehemu ya chini kwa kushoto, polepole sana. Kisha, juu ya ile ya kwanza, akapiga sehemu ya mkono wa kuume, nayo kwa kushoto, noti baada ya noti, jasho linamtoka. Sisi watu wa bandi tulijua ukikimbiza mkanda sauti hupanda na kuwa ya kifaranga. Lakini hapa hakuna sauti iliyonaswa, kuna amri tu. Ukiongeza mwendo, noti zinabaki zilezile. Hilo ndilo lililotupa matumaini.

Alipomaliza alikuwa hoi. Wakati huohuo matangazo ya asubuhi yakaisha, na fundi wa grupu, jenereta yetu, akazima kama kawaida. Hatukushtuka. Kwenye bandi, umeme ukikatika, ulichonasa umenasa, unaenda zako kula. Tulipowasha tena jioni, skrini ilikuwa tupu. Kumbe ordinateri ile ilisahau kila kitu ikikosa umeme, mpaka uiamrishe iandike kwenye disketi. Hakuna hata mmoja wetu aliyelijua hilo. Nililia, sioni haya kusema.

Mkewe, Mama Zainabu, alikuwa amemletea chakula. Aliona vidole vya mumewe vilivyovimba, akanigeukia mimi.

“Muache mume wangu! Munamuua juu ya wimbo?”

“Nenda nyumbani, Mama,” Shefu alimjibu kwa upole. Mama akaondoka kwa hasira bila kusikia hata noti moja. Nikadhani Shefu ameshindwa. Kisha akasema, “Weka tena.”

Alianza upya, siku mbili mfululizo, na safari hii nilikuwa naandika kwenye disketi kila alipovuta pumzi. Ijumaa nikaongeza mwendo, nikagusa kitufe. Wimbo ukatoka, mikono miwili, unakimbia kama zamani. Shefu aliutoa mkono wa kuume mfukoni, akauweka juu ya goti, akautazama mpaka mwisho.

Direkta alisikiliza amesimama. “Rudia,” alisema. Nikarudia. Akavua miwani, akaifuta. “Weka kwenye bandi. Ndiyo hii.”

Jumamosi Shefu hakutaka kuja studio. “Sijawahi kusikia wimbo wangu kwenye redio,” alisema. “Kila siku nilikuwa napiga.” Kumbe ni kweli! Nikamkabidhi mwenzangu bandi, nikaenda nyumbani kwa Shefu alfajiri. Mama Zainabu alikuwa anachemsha chai, bado amenikasirikia. Redio ikafunguka. Aliacha sufuria, akaangalia redio, akaangalia mume wake kitini.

“Nani anapiga?”

“Miye.”

Akaushika ule mkono uliopooza, akauweka shavuni. Nami nikatoka nje, maana si kila jambo la kutazamwa.

Sasa mimi ni mstaafu. Vijana huja na simu zao, ambazo zina studio nzima ndani, wanataka niwaambie mashine ipi ilikuwa bora. Nawaambia waunge waya vizuri na waandike kazi yao kabla umeme haujakatika, wanacheka. Sijutii chochote katika kazi ile, ila naikumbuka sana, hasa asubuhi.

Shefu alifariki masika yaliyofuata ufunguzi ule. Siku ya pili ya matanga tulikuwa tumelala uani kwake, wanaume kwa wanaume, redio ya jirani ikafunguka na wimbo ukaanza. Shemeji mmoja akainuka haraka akazime, kwa heshima ya msiba. Mama Zainabu alikuwa mlangoni, kajifunika khanga.

“Acha,” alisema. “Hajamaliza.”