Gia ya Mguu wa Kuume

Asifiwe Mungu, aliyeniachia hata uzeeni mikono inayoshika nyundo bila kutetemeka. Alinipa na subira pia, lakini hiyo nilikaribia kuimaliza yote kwa asubuhi moja.

Nina pikipiki ya zamani ya Kiingereza. Niliipata ikiwa mifupa, nikaijenga upya kwa furaha yangu tu. Nilishusha usukani, nikafupisha madigadi, nikalivika tangi shaba niliyoifua mwenyewe. Gia tu sikuigusa. Waingereza wa zamani waliiweka mguu wa kuume na breki kushoto, na miguu yangu ilizoea hivyo.

Nilikwenda Lukafu kuvuna mahindi. Huku nyuma mume wa binti yangu, yaani bukwe wangu, akanifanyia zawadi. Niliporudi, usukani ulikuwa umeinuliwa kama wa pikipiki za teksi, na shaba yangu imepakwa rangi nyeusi. Nilipanda nikiwa nimeuma meno. Kwenye kona nikakanyaga kushoto nipate breki. Kumbe alikuwa amehamishia gia huko. Nikaenda moja kwa moja hadi ukuta wa jirani. Goti likachubuka.

Kwetu mtu hamgombezi bukwe uso kwa uso. Ni aibu. Maneno lazima yapite kwa mwingine. Basi nikakaa nimempa mgongo, mke wangu katikati yetu.

"Mama, umuambie bukwe: hii pikipiki ilikuwa mugonjwa?"

"Bukwe, baba anauliza kama pikipiki ilikuwa mugonjwa."

"Hapana, mama. Nilitaka tu ikuwe kama za bengine."

"Umuambie: kama nilitaka ya bengine, ningenunua ya bengine. Na shaba, alizani ni kutu?" Nikaongeza neno moja la Kiluba ambalo siwezi kuliandika.

Mke wangu alilimeza neno hilo. "Baba anasema aksanti kwa roho yako muzuri."

"Sikusema hivyo."

"Bukwe, anasema hakusema hivyo."

Jirani alicheka nyuma ya ukuta wake. Mimi sikucheka. Vyuma vya pikipiki hiyo havipatikani tena mjini. Kama vile alivyovitoa vilikwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kazi yangu yote ilikuwa imekufa.

"Umuulize vyuma vyangu viko wapi."

"Viko kwangu Katuba, mama, mu mufuko. Sikutupa hata kimoja."

Alivileta kesho yake. Gia imerudi kuume na usukani umeshuka. Rangi ndiyo inayotutesa, kwa sababu imejificha katika kila alama ya nyundo, nami naitoa kwa kijiti. Bukwe anasugua upande wake wa tangi, mimi wangu. Hatusemezani. Kila asubuhi kwenye misa naomba hasira iniondoke, na kila jioni nikiona weusi ule inarudi.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie kazi ya mikono yako, na awajalie wanaokupenda neema ya kuuliza kwanza.